Barua Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Hotuba kwa mkutano wa mwaka wa wakazi wa barabara moja ya Kileleshwa, Nairobi

Mwenyekiti, wazee wetu, majirani, hamjambo. Nashukuru kupewa nafasi kabla hatujafika kwenye ajenda ya ploti ya pembeni, ile inayotakiwa kujengwa ghorofa 14 na ndani yake nyumba za chumba kimoja, maana nililo nalo linaihusu ploti hiyo, na kama ningenyamaza mpaka kura ikapigwa ningekuwa nimewakosea.

Mnanijua kama mwalimu. Nimefundisha Kiswahili na historia miaka 34, na miaka 26 nimeishi katika barabara hii. Mnajua pia kwamba barua za pingamizi zinazotoka katika chama chetu, mwandishi ni mimi. Nyinyi huleta hoja, mimi huzipanga. Barua ya ploti ya pembeni niliiandika usiku mmoja, kurasa tatu, mkaisoma, mkaipenda, ikapigwa muhuri. Nimekuja kuwaambia kwamba nimeifuta sahihi yangu katika barua ile, na kuwaomba tuandike nyingine.

Sikuja kumtetea mwenye kujenga. Simjui, hanijui, na katika mradi wake yapo mengi nisiyoyakubali, nitayataja. Kwanza niwaeleze kilichonipata.

Lile bango la mradi lilipotundikwa kwenye mabati, kama sheria inavyotaka, wa kwanza kulisoma hawakuwa sisi. Sisi hupita na magari, vioo tumepandisha. Asubuhi moja nilikuwa nakwenda kununua gazeti, nikamkuta mlinzi wa lango la tatu kutoka kwangu amesimama mbele ya bango lile. Zamu yake ilikuwa imekwisha, begi li begani, tochi bado inawaka ingawa kulishakucha, na kidole chake kinafuata maneno mstari kwa mstari. Akanisalimu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nyumba za hapa zitakuwa za pesa ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Zikiwapo hata ndogo, za kujibanza na watoto, ningehama Pipeline."

Akanipigia hesabu yake hapo hapo. Akitoka langoni saa kumi na mbili asubuhi, hupanda matatu hadi mjini, apande nyingine ya Embakasi, uliko mtaa huo wa Pipeline, na siku yenye foleni hufika kwake saa mbili na zaidi. Watoto wamekwenda shule. Saa kumi jioni lazima awe njiani tena, na saa hiyo watoto ndiyo kwanza wanatoka darasani. Kwa hiyo huwaona Jumapili, na si kila Jumapili. Alinieleza haya kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekuambia mvua ilinyesha jana, wala hakuwa akinilalamikia. Kisha akaizima tochi, akaniaga, akashuka kuelekea stejini.

Barua yetu wakati huo ilikuwa mezani kwangu, tayari kupelekwa. Nilirudi nyumbani bila gazeti, nikaketi, nikaisoma upya kama ninavyosoma insha ya mwanafunzi.

Nusu ya kwanza ni kweli tupu, na leo ningeiandika hivyo hivyo. Mabomba ya maji taka ya mtaa huu yalitandazwa wakati nyumba zilikuwa bangalo za vigae vyekundu, nyumba moja katika nusu ekari, familia moja na bustani. Mahali palipokuwa na familia hiyo moja leo wamo watu sitini, themanini, mia. Bomba ni lile lile. Nyote mmeona msimu wa masika unavyofika: mfuniko ulio mbele ya shule ya chekechea huanza kutikisika, halafu hunyanyuka, na watoto huvushwa kwa kubebwa. Mwaka uliopita nilimwona mama mmoja amevua viatu vyake, mtoto mgongoni, mfuko wa vitabu kichwani, anavuka ule uchafu akiwa peku. Maji ya mfereji nayo huja kwa zamu. Siku zisizo zamu yetu ni maboza na visima, na kila jengo jipya huchimba chake, kirefu kuliko cha jirani. Jiji zima linategemea zaidi bwawa la Ndakaini, na hata baada ya handaki la kuongeza maji kutoka milima ya Aberdare kufunguliwa mwaka 2022, wanaohitaji maji bado wanayazidi maji yenyewe.

Haya si visingizio vya matajiri. Miongozo ya jiji ya mwaka 2004, iliyotumika kwa miaka mingi, iliweka mtaa huu kwenye ghorofa 4. Nyinyi mnahesabu ngapi mkitazama dirishani? Kumi, kumi na mbili, zaidi. Kila jengo lililopita kikomo lilipewa karatasi na mtu, na karatasi hiyo haikuja na bomba. Mwenye kukasirika kwa hilo ana haki ya kukasirika, na mimi ni mmoja wao.

Sasa ukurasa wa tatu. Huko niliandika kwamba mradi "utaathiri hadhi ya mtaa". Niliandika kwamba utaleta "wakazi wa muda wasio na mizizi". Niliandika "usalama", na sikutaja kisa hata kimoja, kwa sababu sikuwa nacho. Niliandika kwamba nyumba za chumba kimoja "hazilingani na mazingira yetu". Maneno mazuri, yamepangika, na sikuweza kuyaeleza mbele ya yule mlinzi. Fikirini ningemwambia nini. Kwamba langoni kwetu anatufaa kuanzia jioni hadi alfajiri, ila akilala hapa mchana hadhi yetu itashuka?

Niliyatambua maneno yale nilipoyatazama kwa macho ya mwalimu wa historia. Nimeyafundisha.

Wengi wenu mnadhani Kileleshwa ilianza na bangalo. Hapana. Nairobi ilipokuwa na umri wa miaka ishirini hivi, Waafrika waliofanya kazi mjini waliishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe pembeni mwa mji. Kulikuwa na Pangani, kulikuwa na Maskini, kulikuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa, na kulikuwa na Kileleshwa. Nyumba zilikuwa za udongo na miti, vyumba safu mbili na ukumbi katikati, kwa mtindo wa pwani, na miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi. Nyanya yangu alizaliwa katika Kileleshwa hiyo. Miaka ya 1920 kijiji kikavunjwa na watu wakapelekwa Pumwani, upande wa mashariki, mahali palipotengwa wawe. Pangani ikafuata mwaka 1939, watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Mimi nimezaliwa Pumwani, na Kiswahili ninachowasemesha nacho ni cha huko. Nyanya alikuwa akituambia, "Kwetu kuna mto mdogo na miti mikubwa," na sisi watoto tulidhani anazungumzia bara fulani ya mbali. Nilipohamia hapa, yeye alikuwa ameshakufa. Nilitembea siku nzima nikiutafuta ule mto.

Vijiji vile vilivunjwa kwa sababu gani? Kwa maneno, sababu ilikuwa afya. Mwaka 1902 tauni ilipoingia, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimtuma Profesa W. J. Simpson kuja kutazama usafi wa miji ya Afrika Mashariki, na ushauri wake ukawa kwamba Mzungu, Mhindi na Mwafrika watengewe mitaa yao mbali mbali. Tauni ilikuwako kweli, mitaro ilikuwa michafu kweli. Lakini dawa ya mtaro mchafu ni kuusafisha, na wao hawakusafisha; walihamisha watu. Upande wa magharibi, wenye mwinuko na udongo mwekundu, ukawa wa ploti kubwa kubwa. Upande wa mashariki, wenye udongo mweusi unaoshika maji, ukawa wa vyumba. Mpango mkuu wa mwaka 1948 ulipoandikwa ulikuta mji umeshagawanyika, na hakuna aliyeurudisha pamoja tangu hapo.

Hivyo ndivyo ukurasa wa tatu ulivyoniuma. Bomba letu limejaa, ni kweli, kama mitaro ya wakati ule ilivyokuwa michafu kweli. Na sisi, badala ya kudai bomba, tumeandika kuhusu watu.

Najua yupo anayesema moyoni, "Mwalimu, sisi hatubagui rangi." Sawa. Siku hizi lugha ni ya vyumba. Mtu husema vyumba vitatu vya kulala na maegesho mawili, na kila mmoja anaelewa ni nani amealikwa na nani hakualikwa.

Tuangalie basi pingamizi zetu zimezaa nini, maana hii si ya kwanza. Tumepinga miradi minne katika miaka kumi. Yote minne ilijengwa. Mmoja tuliuchelewesha karibu miaka miwili kwa kwenda na kurudi mbele ya baraza la rufaa. Tulisherehekea. Lakini mwenye kujenga aliyekaa miaka miwili na mkopo wa benki hailipi riba ile kutoka mfukoni mwake. Anaipandisha juu ya bei ya nyumba, na anafuta zile nyumba ndogo kwenye ramani, kwa kuwa hazirudishi hela haraka. Mradi ule ulianza na vyumba vidogo arobaini katika michoro ya kwanza. Mimi niliiona. Michoro ya mwisho haikuwa na hata kimoja. Ghorofa hazikupungua, magari yaliongezeka, na bomba halikubadilishwa. Tulichofanikiwa kuzuia ni mtu wa kipato kidogo peke yake.

Na mtu huyo hayeyuki. Usiku lazima alale mahali. Nendeni Pipeline mkaone, si mbali, ni matatu mbili. Majengo yamesongamana hadi mtu wa ghorofa ya tano anaweza kumpokeza jirani wa jengo la pili chumvi kwa dirishani. Vyumba vya futi kumi kwa kumi, ukumbi mrefu wenye giza saa sita mchana, choo kimoja cha ukumbi mzima. Waliokosa hata huko hushuka mtoni. Jengo lililoporomoka Huruma Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40 lilikuwa kando ya mto. Mafuriko ya mwaka 2024 yalipoua watu zaidi ya 200 nchini, na nyumba za kando ya mito Mathare na Mukuru zikabomolewa baadaye, tulisikitika kwenye kundi letu la simu, tukachanga blanketi. Nilichanga mimi pia. Wiki ile ile tulikuwa tunakusanya sahihi dhidi ya nyumba za chumba kimoja. Sikuona uhusiano wa mambo hayo mawili mpaka aliponionyesha mlinzi, na yeye hakujua kwamba ananionyesha.

Jambo jingine. Ukumbi huu una watu wangapi? Sitini? Wapangaji ni wangapi? Nawaona watatu, karibuni sana. Kwa sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na karibu kaya 9 kati ya kila 10 za jiji hili zinaishi kwa kupanga. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema umma ujulishwe mradi unapopendekezwa na ukaribishwe kuleta pingamizi. Umma. Sisi tumejifanya ndio umma wote. Upande wa mashariki, wapangaji wa mitaa ya zamani ya halmashauri ya jiji inayojengwa upya nao wanapinga, na wao wana hofu kubwa kuliko yetu, hofu kwamba wakitoka hawatarudi. Barua zao hazina muhuri wa chama wala wakili. Sisi tukipinga tunaitwa wadau. Wao wakipinga wanapewa notisi ya kuhama.

Tena, walioajiriwa kati yenu mnakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Mlinzi yule naye anakatwa. Tunazilipia nyumba za bei nafuu, mradi zijengwe kwao.

Nimefika kwenye jambo lililo gumu kwangu kulisema. Ploti ya pembeni ilikuwa ya mama mmoja tunayemfahamu wote. Mumewe aliugua miaka mitatu. Deni la hospitali lilipomzidi akauza, na mnunuzi aliyekuja na pesa kamili ndiye huyu tunayempinga. Kuanzia siku habari ilipotoka, kwenye kundi letu la simu akawa "yule aliyetuuza". Watu waliokunywa chai sebuleni kwake miaka ishirini wakaacha kumwamkia. Siku aliyohama, lori lilisimama nje tangu asubuhi. Alikuwa yeye, mwanawe, na vijana wawili wa kukodi. Alitoa viti kimoja kimoja, akavifuta vumbi kabla ya kuvipandisha, sijui kwa nini, pengine ili mikono ipate kazi. Barabara nzima hakuna aliyefungua lango. Mimi nilikuwa dirishani, nikamtazama mpaka lori likaondoka. Tulikuwa tukisema tunalinda ujirani.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimelifundisha darasani mara nyingi, na nilikuwa nikilieleza kwamba mgeni akija wenyeji nao hupata kula vizuri. Siku hizi nalisoma kwa uzito zaidi, nikisisitiza neno apone. Barabara hii inazeeka. Nyumba sita zina mzee mmoja mmoja, watoto wako Kanada na Uingereza. Duka la mboga lilifungwa kwa sababu muuzaji hakupata pa kuishi karibu. Nesi anayekuja kunipima presha hutoka Githurai. Tukianguka usiku bafuni, nani atasikia?

Ninachopendekeza ni hiki. Tusipinge ujenzi wa ploti ile. Tuudai. Tudai kwamba hakuna mtu atakayeingia jengoni kabla bomba jipya la maji taka halijaunganishwa hadi njia kuu, na sharti hilo liandikwe kwenye kibali chenyewe na kwenye leseni ya mazingira, lisibaki ahadi ya mdomo. Tudai tangi la kuvuna maji ya mvua, na kisima kisichimbwe bila kupimwa. Ghorofa 14 ni nyingi kwa barabara ya upana huu, nasimama hapo. Mimi ningekubali 8. Na katika hizo 8, tudai ghorofa 2 za nyumba ndogo, kwa kodi anayoweza kuilipa mtu anayefanya kazi mtaa huu, na tuitaje kodi hiyo kwa tarakimu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao ya kufaa. Mara zote tumekwenda mbele ya wahusika kusema hapana. Sijui kama wamewahi kuona chama cha wakazi kinakwenda kudai nyumba ndogo ziongezwe, na natamani niuone uso wa yule karani siku hiyo.

Kuhusu bei za nyumba zetu kushuka, ulizeni madalali wanaowapigia simu kila wiki. Ardhi hii imekuwa ikipanda tangu ghorofa zilipoanza.

Nimeshaiandika barua mpya, kurasa mbili. Nakala ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango. Ukurasa wa kwanza una nafasi za wenye nyumba. Wa pili nimeuachia wapangaji, walinzi, wasaidizi wa nyumbani na wote wanaoshinda au kukesha katika barabara hii. Mama wa ploti ya pembeni nilimpigia simu juzi, nikamwomba radhi, nikamsomea barua yote. Amesema niandike jina lake, nami nimeliandika. Mlinzi niliyewaeleza anaingia zamu saa kumi na mbili. Nimemwambia apitie hapa kwanza, kwa hiyo naomba mkutano usifungwe kabla hajafika.